Jembe Halipewi Pombe

Sebuleni kwetu, hapa Katandala, kuna ukuta mmoja ambao wageni huusoma kabla hawajakaa. Nimetundika vyeti hapo tangu tulipohamia. Kuna cheti changu cha ualimu, kimegeuka rangi ya chai lakini muhuri bado unasomeka. Kuna shahada ya mtoto wa kwanza, stashahada ya uuguzi ya wa pili, cheti cha udereva cha wa tatu, na cha yule wa mwisho, ambaye masomo hayakumpenda naye hakuyapenda, kuna cheti cha kushiriki usafi wa mazingira darasa la tano. Hata mbwa wetu ana kadi ya chanjo, ingawa ya kwake iko kwenye droo. Mtu pekee wa nyumba hii asiye na karatasi yoyote ni mwenye nyumba, yaani mume wangu.

Aliacha shule darasa la nne. Gari la ng'ombe lililopakia maharage lilimpindukia kwenye mteremko kule Pito, mfupa wa mguu wa kushoto ukaungwa vibaya, na shule ilikuwa mbali. Mguu ule ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Haya ninayaandika leo kwa urahisi, lakini kwa miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kuyasema. Neno kuchechemea halikutamkwa nyumbani kwetu, hata kwa kuku. Tukienda kanisani, mume wangu alitembea nyuma yangu hatua kumi. Majirani wengine walidhani ananiheshimu kwa kuwa mimi ni mwalimu, wengine wakasema nimemkalia kichwani. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza. Ukiishi na mtu unayempenda unajifunza mahali pa kutotazama.

Ila mikono yake, jamani, mikono ile haikuhitaji shule. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa huu ni yake, na mashine za kusaga zikiugua wenyewe humfuata. Husimama kando ya mashine, huisikiliza kidogo, kisha husema inaumwa wapi. Nikimuuliza amejuaje, hunijibu, "Imesema yenyewe."

Mashine hii ninayotaka kuisimulia ilianza na jino langu. Maharage ya huku kwetu hupurwa chini, kwenye udongo, na huingia sokoni na vijiwe vyake. Unaweza kuchambua mpaka macho yakauma na bado kijiwe kimoja kikakungoja. Mimi nimechambua maharage tangu nikiwa mtoto, na nilijiona bingwa. Siku moja, baada tu ya kustaafu, nikauma kijiwe kwenye maharage niliyoyachambua mwenyewe, kwa miwani mpya, jino la nyuma likapasuka. Mume wangu aliweka kijiko chini, akasema, "Basi, imetosha." Kesho yake akaibeba cherehani yangu ya miguu, ile iliyokufa zamani, akaipeleka kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba.

Alichotaka kutengeneza kilikuwa rahisi kukieleza. Trei ya bati yenye matundu madogo, imeinamishwa, inatikiswa kwa kanyagio la cherehani. Chini yake feni inapuliza upepo kwenda juu. Upepo unayainua maharage kidogo, yanateleza kuelekea chini. Mawe, kwa uzito wake, yanabaki yameshika bati, na mtikisiko unayapandisha upande wa pili mpaka yanaangukia kwenye kopo. Rahisi kueleza, nimesema. Kwa miezi miwili alichopata ni maharage yaliyoruka hadi kwa jirani.

Hapo ndipo nilipoingiza simu yangu. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameniwekea ile akili mnemba, unaiuliza swali nayo inakujibu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikaieleza shida ya mume wangu. Ikanijibu, "Hilo ni swali zuri sana." Nilifurahi, mpaka nilipogundua kwamba kila swali kwake ni zuri sana. Nilifundisha miaka zaidi ya thelathini na nadhani nimewasifu wanafunzi kiasi ambacho simu ile ilinisifu kwa wiki moja.

Lakini ilisaidia, siwezi kuisingizia. Ilituambia trei iinamishwe nyuzi kumi hivi, siyo thelathini kama alivyoiinamisha mzee. Ilituambia matundu yapunguzwe upana. Ilituambia pia mtikisiko uwe sawasawa, usioyumba. Mume wangu akarekebisha mwinamo, akarekebisha matundu, akakaa akakanyaga. Mawe yakaanza kupanda. Yalipanda yenyewe kwenye bati, moja baada ya jingine, yakaanguka koponi ko, ko, ko, na huku chini maharage yakatiririka safi. Tulitazamana. Nilimuona mume wangu akitabasamu na meno yote, jambo ambalo hulifanya mara chache maana naye ana mapengo.

Mwezi uleule mjini kulikuwa na semina ya wabunifu wadogo. Alikuja dada mmoja mwanasheria kutoka ofisi ya usajili, akatueleza habari ya hataza, yaani hati ya Serikali inayosema kitu hiki kimevumbuliwa na mtu fulani, na asiyeruhusiwa naye asikitengeneze kwa ajili ya kuuza. Mume wangu alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Tuliporudi nyumbani alisimama mbele ya ukuta wa vyeti, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya shahada na usafi wa mazingira.

"Inatosha," alisema.

Hakusema inatosha nini. Nilielewa. Tukachukua fomu.

Sasa naomba msomaji anielewe kabla hajanihukumu. Mimi nilikuwa mwalimu wa aina ile ambaye mkitazamiana anajua. Mtoto akinakili jibu la mwenzake, nilimrudishia daftari na sifuri, na yule aliyenakiliwa nilimpa nusu. Nilipofika mahali palipoandikwa Mvumbuzi, niliandika jina la mume wangu kwa hati nzuri. Kisha nikaona pameachwa nafasi ya mvumbuzi wa pili. Dhamiri ikanichoma. Nani alisema nyuzi kumi? Nikashika kalamu, nikaandika jina: Akili Mnemba. Anuani: kwenye simu yangu, Katandala, Sumbawanga. Uraia: haijulikani. Saini: haina mkono.

Mume wangu alisoma polepole kama kawaida yake, kidole kikifuata mstari. Alipofika chini alirudi juu akasoma tena.

"Mwalimu," aliniambia, maana hata chumbani huniita hivyo, "umenikalisha dawati moja na simu?"

"Baba watoto, ilikusaidia. Kuficha ni kunakili."

"Nikuulize. Tukiita watu kulima, tukapika pombe ya ulezi, chunguni anaitwa nani?"

"Aliyeshika jembe."

"Jembe lenyewe hulipelekei kikombe?"

"Jembe halijawahi kuniambia nyuzi kumi," nilimjibu. Nilijiona nimeshinda. Yeye akaenda kuchomelea geti la watu, na mimi nikaipeleka fomu pale stationery wakaituma ilivyo.

Baada ya siku chache simu ikalia. Alikuwa yule dada mwanasheria.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Mwalimu, huyu mvumbuzi wa pili ni jina la mtu?"

Nikamweleza. Nina hakika alifunika simu ili acheke. Kisha akanieleza kwa adabu kwamba sheria inamtambua mvumbuzi kuwa ni mtu. Mashine haiwezi kumiliki haki, haiwezi kuiuza wala kumrithisha mwanawe, haiwezi kuitwa mahakamani ikala kiapo. Alisema wakubwa wa nchi nyingi wamebishana jambo hili na sehemu nyingi jibu limekuwa hilohilo.

"Lakini ilimfundisha," nilishikilia.

"Mwalimu, wewe umefundisha wangapi?"

"Sina hesabu."

"Kwenye vyeti vyao jina lako liko wapi?"

Nilitazama ukuta. Shahada ya mwanangu mwenyewe, niliyemfundisha kusoma kwenye karatasi ya sabuni, haina jina langu. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona aibu, na kwa kuwa sipendi kushindwa nikauliza, "Kwa hiyo nimfute tu?"

"Umfute, ndiyo. Ila kuna jingine, na hili ndilo kubwa." Sauti yake ikawa ya kazi. "Huo mwinamo na hayo matundu ni mambo yanayojulikana. Niandikieni kitu gani hapa ni kipya, na mzee alikifikia vipi. Mkieleza, fundi wa Kigoma asiyewajua aweze kuitengeneza kwa kusoma tu. Kama kila jipya lilitoka kwenye simu na mzee alifuata maelekezo, basi hatuna mvumbuzi hapo, mwalimu. Na bila mvumbuzi hakuna hataza."

Tukaagana. Mimi na dhamiri yangu tulikuwa tumempokonya mume wangu ile nafasi ya kiganja kimoja ukutani. Nikaiuliza simu yenyewe, kwa hasira, "Wewe ndiye uliyevumbua mashine hii?" Ikanijibu kwamba hilo ni swali zuri sana, kwamba yenyewe ni chombo tu, na kwamba imefurahi kusaidia. Nimewahi kuona wanafunzi wanaokana makosa yao, lakini anayekana jibu sahihi sikuwahi.

Jumamosi nikaamua kuandika maelezo. Nilitaka nikae mwenyewe kwenye mashine, nikanyage, niandike kinachotokea hatua kwa hatua kama somo la sayansi. Mume wangu alisimama kando na koti lake, upepo wa Julai ukimpiga. Nikakanyaga vizuri, sawasawa, kama nilivyoshona sare za watoto wangu. Maharage yakateleza chini. Mawe nayo yakateleza chini. Kopo halikulia hata mara moja.

Tukaangalia feni. Nzima. Tukapima mwinamo. Uleule. Nikakanyaga tena, mambo yakawa yaleyale. Nilifikiri imeharibika siku ambayo tunaihitaji kuliko siku zote.

Wakati huohuo akaingia jirani yetu mfugaji, Msukuma anayelima Mollo, amekuja na gunia lake kusafishiwa. Huyu bwana na mume wangu wametaniana tangu ahamie huku na ng'ombe wake, na kila mmoja amekwishamzika mwenzake kwa maneno mara nyingi. Alinitazama, akacheka.

"Mwalimu, unabembeleza mtoto? Toka nikuonyeshe nguvu."

Akakaa. Akakanyaga kwa miguu iliyozoea kusukuma ng'ombe matopeni. Mashine ilitikisika kweli, maharage na mawe vikashuka pamoja kwa kasi ya ajabu.

"Imekukataa," mume wangu alimwambia. "Ondoka, usije ukainyonyesha maziwa ya ng'ombe." Akakaa yeye. Akakanyaga, na kabla hajafika mara ishirini, ko, ko, ko, koponi.

Tulirudia mara tatu. Mimi, hakuna. Msukuma, hakuna. Mzee, mawe yanapanda. Nikaiuliza simu, ikasema tuhakikishe mtikisiko ni sawasawa, usioyumba. Nikamwambia mume wangu, "Inasema ukanyage sawasawa." Akaendelea kukanyaga alivyozoea. Nilitazama miguu yake na hapo nikaona, nikageuza macho haraka kama nilivyozoea. Mguu wa kulia ulikanyaga kwa kuvuta, polepole, kwa uzito. Wa kushoto ukadonoa. Trei ilipanda taratibu ikiwa imebeba mawe, kisha ikarudi ghafla ikayaacha hukohuko juu. Nilijua. Nikasema, "Labda ni feni."

Msukuma akatutazama mmoja mmoja.

"Ninyi Wafipa mna adabu mpaka mnajinyima," alisema. "Feni ya nini? Ni huo mguu wa bwana mkubwa. Anachechemea mpaka kwenye cherehani, na mashine imependa."

Mume wangu mwenyewe alijua ni utani, na mtani hachukiwi. Lakini neno lilikuwa limetoka. Liliingia uani kwetu mchana kweupe, baada ya miaka yote ile ya kulizungukia. Mume wangu akasimama. Akachukua koti lililokuwa limedondoka, akaenda kwenye kibanda chake, akafunga mlango. Msukuma akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nimekosea?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Niliumia, na nilichoumia zaidi siyo maneno ya yule bwana, bali kwamba ilibidi yasemwe na mtu wa nje.

Siku mbili mume wangu alikula akiangalia sahani. Kibandani zilitoka sauti za msumeno na cheche. Sikugonga. Mwalimu mzima, nilikuwa napita dirishani na ndoo tupu nikijifanya nachota maji, na bomba letu liko upande wa pili.

Siku ya tatu aliniita. Kwenye ekseli ya cherehani alikuwa ameweka gurudumu jipya la chuma. Nilipolitazama sikulipenda. Halikuwa duara. Upande mmoja lilikuwa limenenepa polepole, upande wa pili limekatwa ghafla.

"Kaa," alisema. "Kanyaga unavyokanyaga wewe."

Nikakanyaga sawasawa, hatua zangu za sare za shule. Gurudumu likazunguka, trei ikapanda taratibu ikarudi ghafla, ikapanda taratibu ikarudi ghafla. Ko. Nikaendelea. Ko, ko. Niliona mawe yakipanda kwa miguu yangu mimi, na machozi yakanitoka nikasingizia vumbi la maharage.

"Sasa inachechemea yenyewe," alisema mume wangu.

Alilitamka hivyohivyo, kama mtu anayetaja jina la spana.

Tukaingia ndani kuandika. Nikamfuta mvumbuzi wa pili, safari hii bila dhamiri kunisumbua. Simu ilitoa mwinamo, ikapata alama zake za mwinamo, na kwenye mtikisiko nimeipa sifuri, maana ilishikilia sawasawa mpaka mwisho. Ingejuaje? Haijawahi kupindukiwa na gari. Haijawahi kupanda ule mteremko wa Pito na mguu mmoja ukiusubiri mwingine. Tulipofika sehemu ya maelezo nikaanza kwa lugha ya ofisi: Mvumbuzi, kutokana na kasoro ndogo ya mwendo...

Kidole chake kikafuata mstari. Kikasimama.

"Futa hiyo."

"Ni lugha ya heshima, baba watoto."

"Fundi wa Kigoma haelewi kasoro ndogo. Andika ninavyosema." Akakaa wima, mikono magotini. "Andika: mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu utoto. Nachechemea. Nilipokanyaga mashine, nayo ikachechemea, mawe yakapanda. Mke wangu ana miguu sawa, alipokanyaga hayakupanda. Nikatengeneza gurudumu linalochechemea kama mimi."

Niliandika neno kwa neno. Kwenye neno nachechemea hati yangu ikaharibika kidogo, na nimeiacha hivyo.

Yule dada alisoma akapiga simu, akasema hajawahi kupokea maelezo ya namna ile na kwamba sasa anaye mvumbuzi. Hataza yenyewe bado. Wanachunguza kama hakuna mahali popote duniani ambapo mtu alitangulia, na huenda yupo, dunia ni kubwa na vilema ni wengi. Kilichokuja ni barua ya ukurasa mmoja inayosema maombi yamepokelewa. Ina muhuri, ina namba, na kwenye mstari wa Mvumbuzi kuna majina matatu ya mume wangu, yamechapwa. Ameitia kwenye fremu. Iko kati ya shahada na usafi wa mazingira, inatosha kabisa. Tulipoitundika tulipika pombe, Msukuma akaitwa wa kwanza chunguni, na mume wangu akaiweka simu yangu kwenye stuli karibu na mlango akaiambia, "Wewe kaa na majembe."

Lakini ninayoikumbuka kila mara ni asubuhi ile ya kupeleka fomu ya pili. Ni mwendo wa robo saa mpaka stationery. Nilimwambia nimuitie bodaboda, maana kwa kawaida ndivyo tunavyofanya, yeye apande na mimi nifuate. Akasema hapana. Alitia bahasha kwapani, akafungua geti alilolichomelea mwenyewe, nikasogea mbele ili nipite kwanza nilivyozoea. Hakungoja. Alishika barabara ya Katandala iliyojaa watu wa sokoni na watoto wa shule, akachechemea kwa kasi yake, hakuangalia nyuma. Nilimfuata. Tumeoana miaka zaidi ya thelathini, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mgongo wake ukitembea.